Dada wa Kibuyu na Kata

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na dadaye. Ulimwengu ungoje zamu yake. Najua methali haisemi hivyo, lakini nadhani aliyeitunga alikuwa mtoto wa kwanza.

Mwaka 1956 nilikuwa mwalimu wa darasa la pili Ilongero, na cheti changu cha ualimu kilikuwa hakijashika hata vumbi. Shule yetu ilikuwa na mashine ya kurudufu, na kila mwezi tulichapa gazeti la watoto la kurasa nne, likapandishwa lori na kupelekwa shule za mbali mpaka Mitundu na Rungwa. Ukurasa wa nne ulikuwa wa katuni: picha sita za ndugu wawili, Kibuyu na Kata. Kibuyu alikuwa tumbo kubwa na shingo nyembamba. Kata alikuwa mrefu kama mpini, kichwa kikubwa juu. Mwezi huu wanatumbukia kwenye mtungi wa pombe, mwezi ujao wanafukuzwa na nyuki. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mchoraji alikuwa Mwalimu Simeoni. Mimi nilipewa kazi ya kuandika maneno.

Katika picha ya sita, kila mwezi, alitokea dada yao. Msichana wa miaka kumi na mitano, mtungi kichwani, mkono kiunoni. Alisema, "Nyie watoto!" Basi, hadithi imekwisha.

Siku moja mwanafunzi wangu aliniuliza dada yao Kibuyu anaitwa nani. Sikujua. Nikamfuata Simeoni.

"Anaitwa Dada," alisema, bila kuinua kalamu yake.

"Hana jina?"

"Ana mtungi. Yunisi, yule ni kama mlango. Wavulana wanafanya vituko vyao, mlango unafungwa, sisi tunakwenda kula."

"Mlango huo ndio uliokupikia uji ulipokuwa mdogo."

"Mimi ni mtoto wa kwanza."

"Inaonekana."

Jioni hiyo nilimpa jina Dina. Kisha nikakaa na karatasi yangu nikitafuta la kumpa afanye, na kila nililolitafuta nililikuta mikononi mwa dada yangu Marietha.

Marietha hakwenda shule. Kaka yetu Stefano ndiye aliyepelekwa, naye alikuwa mwoga wa mbwa wa njiani, kwa hiyo Marietha alimsindikiza kila asubuhi na kusimama kidogo nje ya dirisha la darasa kabla ya kurudi. Hicho kidogo kilimtosha. Uwele ulipoanza kukomaa, mimi na yeye tulipanda dunguni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kuamia ndege. Kweleakwelea wa kwetu huja kama moshi. Ukigeuka kupiga chafya, umekosa chakula cha mwezi. Silaha yetu ilikuwa kombeo na madonge ya udongo tuliyoyafinyanga wenyewe na kuyaanika juani.

Marietha, kabla donge halijakauka, alichora juu yake herufi moja kwa mwiba. Nilipotaka kutupa, alilishika mbele ya macho yangu.

"Taja ndipo utupe."

"Dada, ndege wanakula!"

"Basi taja upesi."

Nilikuwa na miaka sita. Nilijifunza upesi kwa sababu ndege hawakuwa na subira, na dada yangu hakuwa nayo pia. Kufikia mavuno nilikuwa nimewatupia kweleakwelea herufi zote, kila moja mara mia. Nilipoingizwa shule, mwalimu alishangaa nani kanifundisha. Nikamwambia ndege.

Sasa nilikuwa na cheti, naye alikuwa Mitundu, ameolewa, analima. Nikamchukua jinsi alivyokuwa, nikampandisha dunguni katika ukurasa wa nne. Picha ya kwanza: Kibuyu na Kata wanataka kutupa. Picha ya sita: ndege wamekimbia, Kata ametaja herufi kumi, Kibuyu amekula donge moja akidhani ni andazi. Simeoni alinung'unika kwamba mlango sasa umepata miguu, lakini alichora. Na alichora vizuri: Dina amesimama juu ya dungu, kombeo linazunguka, kidevu juu, na anga lote ni lake.

Mwezi uliofuata Marietha alikuja kututembelea. Nilimpa gazeti. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, dada."

"Mbona pua imekuwa ndefu hivi?"

"Mwulize Simeoni."

"Nitamwuliza." Akasoma tena, akifuata maneno kwa kidole. Kisha akalikunja gazeti mara nne, akalifunga kwenye pindo la kanga. "Wee Yunisi. Nilidhani umesahau."



Mwezi wa nne, ndege wakiwa wengi kuliko mwaka wowote niliokumbuka, nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Gabrieli. Aliyeketi mbele yake alikuwa Jumbe Leonidas, mkubwa wa kijiji chetu, na kikapu magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainuka, akamimina kikapu mezani. Madonge ya udongo yalibingirika mpaka kwenye kidau cha wino. Kila moja lilikuwa na herufi.

"Binti," alisema jumbe, "unaona nini?"

"Naona madonge, mzee."

"Mimi naona robo ya shamba langu. Watoto wakiwa dunguni hawatupi mpaka wataje. Huyu anasema hivi, huyu anabisha, wanacheka, wanaanza upya. Kweleakwelea hawangoji mtu amalize masomo. Mimi na watu wangu tutakula nini? Herufi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Marietha alijua kutaja na kutupa kwa pumzi moja, kwa kuwa alianza kuamia akiwa na meno ya utoto. Mimi niliiandika katuni kama kwamba kila msichana ni Marietha. Nilimwambia jumbe kwamba nasikitikia uwele wake, na nilikuwa nasema kweli.

Lakini macho yangu hayakutoka mezani. Herufi zile zilikuwa zimesimama wima, za mkono mmoja, mkono nisioujua. Wanafunzi wangu wote niliwajua kwa mwandiko.

"Nani kaandika haya, mzee?"

Jumbe alitazama ukuta. "Klara. Binti yangu."

Klara alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa hajawahi kukanyaga darasa; bila shaka herufi alizipata dunguni, kwa wanafunzi wangu.

Mwalimu Gabrieli alikohoa na kutoa hukumu waliyokwisha kuipanga. Katuni ya mwezi ujao imwonyeshe Dina amepiga magoti mbele ya baba yake, anaomba msamaha kwa kupoteza mavuno. Baba anamsamehe, anamwoza. Mwezi unaofuata wavulana wabaki peke yao, kama zamani.

"Akishaolewa ataonekana lini tena?" niliuliza.

"Haonekani. Ameolewa."

Simeoni alichora alivyoagizwa.  Aliweka tu karatasi ya nta ya mashine mezani kwangu ili niandike maneno, akatoka. Kwenye karatasi ya nta unachora kwa kalamu ya chuma. Kalamu inatoboa nta, na wino wa mashine utapita hapo. Ukishatoboa umetoboa, hakuna kufuta. Nikamkuta Dina katika picha ya sita amepiga magoti, kichwa chini, mikono mbele. Baba yake amesimama juu yake, mkono wa kulia ameunyosha kama mtu anayesamehe. Na mdomoni mwa Dina, nafasi nyeupe ikingoja maneno yangu.

Nilimtazama mpaka nikamwona. Dada yangu alipiga magoti hivyohivyo kila asubuhi pembeni mwa kijito, kichwa chini, mikono mbele. Alikuwa anafinyanga.

Mimi si mchoraji. Nilishika kalamu ya chuma nikatoboa duara mbele ya magoti yake, na jingine, na jingine, mpaka likawa fungu la madonge. Nikaweka donge moja katika kiganja cha baba. Lilitoka kama kiazi. Kisha nikaandika maneno ya Dina:

"Baba, taja ndipo utupe."

Nakala mia tatu zilichapwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri zilikuwa kwenye lori. Simeoni ndiye aliyezungusha mpini wa mashine. Aliiona picha. Alisimama kidogo, akasema, "Kile ni kiazi?" Kisha akaendelea kuzungusha.

Wiki haikuisha. Nikaitwa tena. Jumbe Leonidas alikuwa ameketi palepale, safari hii bila kikapu, na gazeti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Shikamoo ni shikamoo.

"Umenifanyia mzaha mbele ya nchi nzima," alisema. "Hapa baba anafundishwa na mtoto wake."

"Nani amekusomea, mzee?"

 Mwalimu Gabrieli alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Klara," alisema jumbe. "Jana jioni, mbele ya mama yake. Amesoma yote, toka juu mpaka chini." Alijaribu kulisema kwa hasira, lakini sauti ilimponyoka, ikawa kitu kingine. Akaweka kidole kwenye picha ya sita. "Huyu baba. Amelishika donge. Amejibu nini?"

"Bado, mzee. Ni mwezi ujao."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Picha ziendelee. Msichana abaki. Lakini huyu mwalimu aombe radhi, kwa maandishi, na yasomwe barazani kwangu."

Mwalimu Gabrieli alinisogezea karatasi na kalamu. Alikuwa mtu mpole, na aliona aibu. "Mwalimu Yunisi, mistari miwili tu. Ukikataa, barua ya uhamisho ninayo hapa. Rungwa. Unaijua Rungwa? Nyuki na tembo. Simeoni atapewa mwandishi mwingine."

"Sitaki mwingine," ilisikika sauti ya Simeoni nje ya dirisha. "Maneno yatakuja kwa lori. Lori linaenda, lori linarudi."

"Wewe unafanya nini hapo?"

"Napita tu, mwalimu mkuu."

Nikaichukua kalamu. Nilimfikiria Marietha amesimama nje ya dirisha la shule, si kwa kupita, na hakuna aliyemwita ndani. Nilimfikiria Dina, ambaye sasa atabaki, na Klara, mwiba mkononi. Rungwa pia kuna mashamba, na penye shamba pana ndege, na penye ndege pana dada wa mtu juu ya dungu.

"Uwele wako nausikitikia, mzee," nilimwambia jumbe. "Msimu ujao nitaandika kwamba watupe kwanza, wataje baadaye. Hapo nilikosea, na nitasahihisha."

"Na radhi?"

Nikairudisha karatasi, nyeupe kama ilivyokuja.

"Siombi."