Mteja Asiye na Suruali

Mteja wa kwanza asubuhi ile alikuja bila suruali. Mimi sikumwona. Aliyemwona ni Mama Pindo, mwenye cherehani ya dirishani, na alimkaribisha kitini kwa adabu zote huku akitazama pembeni.

"Binti, usigeuke," aliniambia. "Ana shati tu."

Mama Pindo ni rafiki yangu, ingawa angeweza kunizaa. Ndiye aliyenifundisha kushona. Kwa kuwa mimi naona haya mbele za watu, yeye aliongea na wateja, mimi nikakunja pindo. Kisha ukamjia ugonjwa wa Parkinson. Kwanza mkono ulianza kutetemeka, halafu miguu ikawa inagoma mlangoni kama imebandikwa kwa gundi, na mwaka huu wakaanza kuja wageni anaowaona yeye peke yake. Paka kwenye kapu la vitambaa. Watoto juu ya kabati. Wengi hawana neno, Mama Pindo huwasalimia na kuendelea na shughuli zake. Lakini kuna siku anachanganyikiwa kabisa, ananiuliza mimi ni nani na nani kanipa ufunguo.

Siku hiyo sikutaka mgeni hata mmoja, kwa sababu binti yake mkubwa alikuwa anakuja. Alishasema kwenye simu kwamba akimkuta tena mama yake anaongea na ukuta, cherehani inauzwa na mama anahamia kwake ghorofani, akakae salama mbele ya televisheni.

"Huko nitashona nini? Mapazia ya jirani?" Mama Pindo alitania, lakini chai yake hakuimaliza.

Nikamuuliza, "Sasa dada akifika, huyu mteja tumfanyeje?"

"Tumhudumie. Si katangulia?"

Dada akaingia, akatusalimia, akavuta kiti.

"Usimkalie!"

Dada akaruka kama aliyechomwa sindano. Akatazama kiti, akamtazama mama yake. "Mama, hapa hakuna mtu."

"Mtu mzima na tumbo lote lile, humwoni?"

"Hayupo, mama!"

"Yupo!"

"Hayupo!"

Kila "hayupo" ilimzidishia Mama Pindo mtetemeko, na mkononi alikuwa na mkasi. Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, hebu mwambie ukweli."

Nikauchukua mkasi taratibu, nikauweka mbali. "Mimi simwoni, Mama Pindo," nikasema. "Ila najua wewe unamwona. Anakutisha?"

"Hanitishi. Ananitia aibu tu. Anadai suruali yake, na mimi siikumbuki." Sauti ikamshuka. "Labda niliipokea kweli, nikasahau."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anamwogopa mteja. Alikuwa anaogopa kwamba kazi imemtoka.

"Basi tumpime upya," nikasema. Nikachukua futi ya kupimia, nikapiga magoti mbele ya kiti, nikaizungusha kwenye tumbo la hewa kwa heshima, nisije nikagusa pabaya. Nikasoma na namba kwa sauti. Halafu nikamsikia Mama Pindo akicheka mpaka akakohoa.

"Unampima nani, we mtoto? Mwenzio kashahamia kule kwenye kona!"

Dada alijiziba mdomo, kicheko kikamtokea puani. Lakini ndiye aliyeitazama ile kona vizuri. Palining'inia koti kubwa la mtu, limevimba tumboni, chini hakuna kitu. Akawasha taa, akalishusha koti, akalikunja kwenye meza.

Mama Pindo alikodoa macho. "Kaondoka," akasema. "Hata kuaga hakuaga."

Sasa dada akakaa. "Anaona watu hivi mara nyingi?" akaniuliza.

Kwa kawaida ningetazama vidole vya miguu. Nikamjibu. Karibu kila siku, nikasema, na walizidi alipobadilishiwa dawa, kwa hiyo daktari aambiwe, ila mama asiziache mwenyewe. Kukata nakata mimi, na siku ameamka vibaya mkasi naufungia kabatini. Kisha maneno mengine yakanitoka, sijui yalitoka wapi:

"Lakini kazi haijamtoka, dada. Gauni ulilovaa limekaa vibaya begani, na tangu uingie analitazama."

Nilitamani nijifiche kwenye kapu la vitambaa, na kama kuna paka mle tungebanana.

"Nilikuwa namsitiri mbele ya mgeni," Mama Pindo akasema. "Nani kakushonea balaa hili, mwanangu?"

"Nimelinunua dukani, mama."

"Ndiyo maana."

Dada akaitazama cherehani kwa muda. "Kwa daktari tutakwenda wote watatu," akasema. "Na wa kueleza ni wewe, mdogo wangu."

"Mimi?"

"Wewe. Leo nimekusikia unaongea."

"Na cherehani yangu?" Mama Pindo akauliza, polepole.

Dada akainuka, akasogea dirishani, akampa mama yake mgongo. "Itauzwaje, na mimi bega langu liko hivi?"

Mama Pindo akaniashiria nishike pini. Akanyoosha kidole. Kikatetemeka juu ya mshono, kikazungukazunguka, kikatua.

"Hapa," akasema. "Fumua."