Mkate Husikilizwa

Dukani kwetu kengele ina lugha yake. Ikilia mara moja, bei ya kitu haisomeki na mtu wa stoo anahitajika. Ikilia mara mbili, kuna kilichomwagika. Ikilia mara tatu, kila aliyefundishwa mashine huacha kazi aliyoishika na kuja kukaa kwenye kaunta ya malipo. Mtu wa bucha hunawa, huvua aproni yenye damu na kuja. Mama wa mboga huliacha lundo la nyanya likiwa nusu. Sisi makeshia wa kudumu huwaita watu wa kengele, na hatuwaiti hivyo kwa heshima.

Sababu tunayo. Mtu wa bucha hukadiria kwa kiganja uzito wa kila anachokishika, hata sabuni. Mama wa mboga hulifuta kila kopo kwa pindo la gauni kabla ya kulipitisha, huku foleni yake ikifika kwenye majokofu. Huko walikotolewa ni hodari. Kwenye kaunta ni samaki nchi kavu.

Mwoka mikate hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, na duka zima lilimwita Mama Oveni. Kaunta yake ya kuazimwa ilikuwa ya tatu, jirani na yangu. Mkono wa kulia ulipitisha bidhaa, wa kushoto ulifungua mfuko, na macho yalikuwa kwa mteja. Mayai hayakukaa chini ya mchele hata siku moja. Kazi hii naijua, na sijaona mwepesi kuliko yeye, ingawa hakuipenda.

Wepesi huo ndio uliomponza. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, aliitwa wa kwanza, na kila alipoitwa mikate ilibaki motoni bila mtu. Kipima muda cha oveni kilikufa zamani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kipima muda. Mwezi ule mikate ilikuwa imeungua mara mbili.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, meneja alimkuta akipepeta unga, akamwambia mbele yetu:

"Mama, ikiungua tena naiuza oveni. Gari la kiwanda litatuletea mikate iliyokatwa tayari. Wewe hupotezi kitu, nitakupa kaunta ya tatu moja kwa moja. Utakaa kwenye kiti, basi tena kusimama mbele ya moto."

"Bosi, mimi sikuomba kiti."

"Umri nao unakwenda, mama."

"Unakwenda na mimi. Nani kakuambia umeniacha kituoni?"

Tulicheka, naye meneja akacheka kidogo, lakini hakuyafuta maneno yake. Kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Mkate uliogeuka mkaa hauuziki, na foleni ndefu hufukuza wateja. Alichokuwa hajakiona ni kwamba dawa yake ya foleni ndiyo iliyokuwa ikiunguza mikate.

Mishahara ilikuwa imetoka, na wawili kati yetu walikuwa wagonjwa. Kabla ya adhuhuri matoroli yalikuwa yamejaa hadi kwenye rafu za mafuta. Kengele ililia mara tatu. Mama Oveni alikuja na unga kwenye viwiko.

"Umezima?" nilimuuliza.

"Nizime mkate ukiwa katikati ya kuinuka? Nitatoa matofali, dada. Hayo yana duka lake."

Hata meneja mwenyewe alivua koti, akafungua kaunta ya tano.

Droo nayo ina sheria yake. Ukishaifungua kwa namba yako ya siri, huondoki mpaka msimamizi aje aifunge mbele yako. Siku hiyo msimamizi alikuwa meneja, naye alikuwa amefungwa na droo yake kama sisi. Kwa hiyo Mama Oveni alikuwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa jiko lake, na hakuweza kuufikia.

Alifanya kazi kama kawaida yake. Kisha akainua pua. Mimi sikunusa chochote ila sabuni ya unga iliyochanika kwenye toroli la mteja wangu.

"Imeanza kushika rangi," alisema. Halafu akapaza sauti kuelekea mlango wa duka: "Shemeji!"

Mlinzi wetu amemwoa mdogo wake Mama Oveni. Ni mrefu na mwembamba, anaitwa Mlingoti, na ndiye pekee ambaye kengele haimwiti, maana sheria haimruhusu mlinzi kugusa droo.

"Shemeji, nenda jikoni kwangu ukatoe mikate."

"Mimi? Nyumbani kwangu hata chai sichemshi!"

"Najua. Mdogo wangu kila siku ananililia."

"Na mlango nani ataulinda?"

Mlingoti alimtazama meneja. Meneja alikuwa ameweka karatasi ya risiti kichwa chini, na mashine inamtolea vipande vitupu. Aliinua macho, akaitazama foleni, akamtazama Mama Oveni, ambaye hakuwa ameacha kupitisha bidhaa.

"Nenda," alisema. "Mlango nitauangalia mimi."

Kila kaunta ina simu ya ndani. Simu ya kaunta ya tatu ilipolia, Mama Oveni aliiweka kwenye spika, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Hivyo sote tukasikia.

"Nimefika. Joto gani hili! Huku mnaoka mikate au watu?"

"Vaa glavu, ziko kwenye ndoano."

"Hazinitoshi. Ni za kike hizi."

"Tumia kofia yako."

"Kofia ya kampuni?"

"Shemeji!"

Ulisikika mlango wa chuma, kisha kikohozi.

"Toa mkate mmoja wa mbele. Ugeuze. Gonga chini yake kwa kidole, taratibu, kama unavyobisha hodi kwa wakwe. Sogeza karibu na simu."

Aliinua kiganja kimoja, na foleni ikanyamaza. Hakuwaomba, waliona tu kwamba anasikiliza. Mtu wa bucha alibaki na pakiti ya chumvi hewani. Yalibaki majokofu tu yakinguruma.

Tu, tu, ilisema simu, kama mtu anayegonga godoro.

"Bado. Huo mbichi moyoni, urudishe. Lete wa nyuma."

Ko, ko.

"Huo tayari. Nyuma ndiko kwenye moto mkali. Toa safu yote ya nyuma, ya mbele isukume ichukue nafasi yake. Funga mlango, usiondoke."

Mzee aliyekuwa mbele yake alikohoa. "Binti, na chenji yangu?"

"Ipo mkononi mwako, baba."

Mzee alifungua mkono, akaikuta.

Alihudumia wateja kadhaa zaidi. Hakukosea bei, hakurudia kitu. Nilimwangalia kwa makini, kwa sababu nilitaka kujua kama mtu anaweza kweli kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Siku ile hakikumponyoka chochote.

"Shemeji, gonga sasa."

Ko, ko.

Kabla hajafungua kinywa, foleni nzima ikajibu: "Tayari!"

"Mmesikia wenyewe," alisema Mama Oveni. "Toa yote."

Mlingoti alitoka jikoni na trei, ameibeba kama mtoto aliyezaliwa leo. Kofia yake ilikuwa na alama ya moto kwenye ukingo wa mbele. Mikate miwili ya pembeni ilikuwa imeungua. Mama Oveni aliiona kutoka mbali, akaitaja mwenyewe kabla ya mtu yeyote. Mingine ilikuwa na rangi inayotakiwa. Wateja walianza kuacha nafasi zao kwenye foleni kwenda kuichukua.

Foleni ilipopungua, meneja alikuja kufunga droo ya kaunta ya tatu. Mlingoti alikuwa ameweka trei ya mwisho hapo karibu. Meneja alichukua mkate mmoja, akaugeuza, akaugonga, akausogeza sikioni. Aliurudisha kwa mikono miwili.

Mishahara ilipotoka tena, kengele ililia mara tatu. Mtu wa bucha alinawa, mama wa mboga akaacha nyanya. Nilitazama kaunta ya tatu, nione unga kwenye viwiko. Aliyekaa pale alikuwa meneja, bila koti.

Mama Oveni alichungulia kutoka mlango wa jiko, mikono imezama katika beseni la kinyunya.

"Bosi! Kiti kinakutosha?"

"Oka mikate, mama," alisema meneja.

Alikuwa ameweka karatasi kichwa chini tena. Nilinyoosha mkono nikamgeuzia.