Odi ya Tatu

Kalamu ya mume wangu ilikuwa imekwama kwenye kitabu cha wageni, penye safu ya kazi. Jina alishaandika, Wedson Kalinde, na tulikotoka alishaandika. Bambo Sitolo, mpishi wa nyumba ile ya wageni na mtunza funguo zake, alikuwa amesimama mbele yetu na aproni yake akisubiri. Mimi nilikuwa namkanyaga mume wangu mguu chini ya meza.

"Andika mkulima," nikamnong'oneza.

"Mimi si mkulima."

"Maharage nyuma ya nyumba kapanda nani?"

"Mistari mitatu, Enelesi!"

"Mistari mitatu ni shamba. Andika twende."

Akaandika, kwa herufi ndogo ndogo, nami nikachukua ufunguo kabla hajaungama.

Ilikuwa mwezi Juni, miaka ishirini na sita iliyopita, huko Dedza, na yale manyunyu ya baridi tunayoyaita chiperoni yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani. Tulikuwa na siku mbili. Akina mama wa kanisa walituchangia mapumziko hayo baada ya mmoja wao kunikuta jikoni nimelala nimesimama, mwiko ungali mkononi. Watoto watatu tulikuwa tumewaacha kwa dada yangu Zione. Wa mwisho hata miaka miwili hakuwa ametimiza, na njia nzima nilikuwa nikigeuza shingo kumtafuta mgongoni, hayupo.

Lakini mimi sikwenda Dedza kupumzika. Nilikwenda na barua. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu kwa wiki tatu, imefungwa katika kitambaa cha kichwa. Shule ya wasichana niliyowahi kufundisha hesabu kabla sijaolewa ilikuwa inaniomba nirudi, na ilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Katika kanisa letu, wakati ule, mke wa mchungaji haajiriwi. Tayari ameajiriwa na kila mtu. Ningesema ndiyo, wazee wangemwita Wedson na kumuuliza mbele ya kikao kama nyumba yake ina mwanamume, na lile kanisa kubwa la Blantyre ambalo kila mtu alijua anaandaliwa kulichukua, angelisikia redioni tu. Ningesema hapana, sijui ningekuwa nani. Nililijua hilo waziwazi. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauuwezi, na kitu pekee nilichokiota wakati huo kilikuwa ubao mweusi na chaki.

Wiki tatu nilijaribu kumwambia. Kwetu mgeni hagongi mlango. Anasimama nje na kuita, "Odi!" na mwenye nyumba anajibu, "Odini!" Usipojibu anaita tena, na akiita mara ya tatu kukawa kimya anajua hakuna mtu, anakwenda zake. Nyumba ya mchungaji haijawahi kufika odi ya pili. Ningeanza, "Baba Yankho, kuna jambo," na papo hapo nje, "Odi!" Msiba. Ndoa inayovunjika. Mtu anaazima ngazi ya kanisa. Wedson alikuwa anasimama kabla sauti haijaisha, na sentensi yangu anaiacha pale kwenye kiti.

Kwa hiyo Dedza tulikuwa wakulima. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, viti viwili na dirisha lililotazama misonobari. Nikawaza: tutakula, tutalala, kesho nitasema.

Kilichotuponza ni chakula. Bambo Sitolo alitenga nsima ya moto, ugali wa kwetu, pamoja na samaki na mboga za maboga, akarudi nyuma hatua mbili. Wedson akafumba macho. Nilimwambia mapema, "Fupi," akaitikia kwa kichwa. Akashukuru kwa chakula. Akaibariki mikono iliyopika. Hapo ilitosha, mkulima yeyote angenawa. Lakini mtu huyo alikuwa na miaka tisa ya kuombea, na ulimi ulishaijua njia. Akawakumbuka walio safarini, walio mahospitalini na wajane. Akawaombea viongozi wa taifa wapewe hekima. Alipofika kwenye sinodi na kazi zake zote, nilifumbua jicho moja. Bambo Sitolo alikuwa amevua kofia. Mlangoni mwa jikoni walisimama wanawake wawili vichwa chini, mmoja na sahani inayodondosha maji.

"Amina," wakaitika wote.

"Amina, Abusa," akasema Bambo Sitolo. Ndivyo tunavyowaita wachungaji wetu. Kisha akacheka hadi pengo likaonekana. "Mkulima! Mkulima gani anaiombea sinodi?"

Nsima ilikuwa imepoa. Wedson alinitazama kwa macho ya mtu aliyevunja bakuli la wenyewe. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikala.

Asubuhi ya pili, kabla chai haijaletwa, "Odi!" Alikuwa mama mkwe wa Bambo Sitolo, ana goti. Akafuata mwenye duka wa ng'ambo ya barabara, ana kesi na kaka yake. Ikaja kwaya nzima ya wanawake wanne waliotaka tu kusalimia, wakasalimia kwa nyimbo tatu. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikapakata mtoto wa mtu, nikauliza habari za mahindi. Uso wangu ulikuwa unatabasamu wenyewe. Saa nane walipoisha, tulikuwa tumebakiwa na mchana mmoja, na manyunyu yalikuwa yamezidi kiasi kwamba misonobari haikuonekana.

Nikafunga mlango, nikaketi kwenye kiti kimoja, yeye kingine. Nikatoa barua, nikaiweka mezani.

"Wedson," nikasema. Nadhani sikuwa nimemwita hivyo tangu mtoto wa kwanza. "Naomba usinyanyuke mpaka nimalize."

Hakuigusa barua. Alikuwa anaitazama jinsi unavyomtazama mgeni unayemfahamu.

"Wanataka jibu kabla ya Ijumaa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Umejuaje?"

"Ilikuja katika sanduku la kanisa. Nikaifungua nikidhani ni yangu. Nikaisoma yote, Enelesi, hata baada ya kuona si yangu. Halafu nikaibandika tena kwa nsima."

Nikaigeuza bahasha. Kweli, pembeni palikuwa na ukoko mweupe. Nilikuwa nimeuona wiki tatu nikailaumu posta.

"Wiki tatu," nikasema. "Wiki tatu nakimbizana na wewe ndani ya nyumba, na wewe unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukawa unakimbilia mlangoni."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena bila kuitazama. "Kila ulipoanza nilikuwa naomba mtu aite odi. Namaanisha naomba kabisa, moyoni: Bwana, leta mtu. Na analeta! Sijawahi kuona sala zangu zikijibiwa upesi namna ile."

Nilicheka. Najua halikuwa la kuchekwa, nilikuwa na hasira ya kuweza kumtupia buli la chai, lakini nilicheka hadi nikajishika mbavu, na nilipomaliza nikakuta nalia. Yeye alikaa tu. Hakunipa maneno ya kichungaji, na kwa hilo nilimshukuru.

"Unaogopa wazee," nikasema.

"Wazee nawaogopa kidogo. Blantyre naitaka, siwezi kukudanganya. Ila zaidi naogopa utagundua huko kwamba hukuihitaji hii." Akaonyesha kwa mkono, chumba, yeye mwenyewe, sijui. "Mimi sina kingine ninachojua kufanya. Wewe unacho."

Hapo hapo sauti ikaita nje.

"Odi!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, mzee kidogo, imelowa. Wedson akashika mikono ya kiti. Nilimwona magoti yakinyooka. Nami, nitasema ukweli, mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umeshafunguka kuitikia. Nikauziba kwa kiganja.

Akarudi kukaa.

"Odi?" Safari hii ilikuwa na swali ndani yake. Akakohoa. Tulisikia miguu ikijipangusa matope kwenye jiwe la mlangoni, taratibu, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba wamo. Jasho lilikuwa linamtoka mume wangu kwenye paji la uso, na chumba kilikuwa baridi. Alinitazama mimi tu. Nilijua anachonipa, na nilijua si chake kunipa, ni cha yule aliye nje. Ningeweza kumpa ishara ya kichwa tu, naye angekwenda kumfungulia. Sikumpa.

"Odi, Abusa."

Tukakaa kimya. Baadaye miguu ikashuka ngazi, ikakanyaga dimbwi, ikaishia.

"Unatakiwa kuripoti lini?" akauliza Wedson.

"Tarehe mosi."

"Mwezi ujao?"

"Mwezi ujao."

Akachukua barua, akaikunjua juu ya goti, akatoa ile kalamu yake, akanipa.

Blantyre alipewa mwingine. Sisi tulipelekwa kwenye kanisa dogo la mabati karibu na shule, na nilifundisha hapo miaka ishirini na mbili. Wasichana wangu wengine sasa ni wahandisi. Nimechoka tangu wakati huo mara nyingi, lakini si ule uchovu.

Asubuhi ile ya kuondoka, Bambo Sitolo alitubebea sanduku hadi barabarani. Akatuambia kwamba jana mchana alikuja mama mmoja kutoka upande wa mpakani, ametembea tangu alfajiri, alisikia kuna mchungaji. Hakusema shida yake. Alimwambia Sitolo kwamba wageni wamelala, wamechoka, asiwaamshe, kisha akarudi alikotoka.

"Jina lake?" Wedson akauliza.

Bambo Sitolo hakuwa amemuuliza.

Mume wangu hakunilaumu kwa hilo, wala hakuwahi kulisema kwa mtu. Ila tangu siku hiyo, kwenye sala ya jioni, baada ya watoto wetu wote kutajwa, aliombea "na yule mama," hivyo tu. Watoto walikua wakidhani ni ndugu yetu wa mbali. Mimi nilikuwa naitika Amina, na kesho yake asubuhi nachukua chaki zangu, nakwenda kazini.