Ndoo Mbili za Maji

Aliyekoroga zege aliitwa aje kulishuhudia likipondwa, na baba akaja na shati lililopigwa pasi.

Binti alimwona akiingia maabara pekupeku. Viatu alivivua mlangoni kana kwamba ni sebule ya watu. Alikuwa fundi mwashi wa hosteli mpya ya chuo. Mchemraba wa zege uliokuwa kwenye mashine ulitokana na zege la nguzo zake, ukakaa majini siku ishirini na nane.

"Haya, endesha," alisema mhadhiri, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Nondo kwa kuwa hakunjiki. Kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, jina la ukoo la binti na la fundi lilikuwa moja.

Huo ulikuwa mtihani wa binti wa mwisho wa vitendo. Akianguka, atarudia mwaka, na mgongo wa baba haukuwa na mwaka mwingine.

Mshale ulitakiwa kufika ishirini na tano. Ulipogusa kumi na moja, zege likamumunyuka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Sababu?"

"Maji yalizidi."

"Yalizidije? Yana miguu?"

Darasa likacheka. Baba naye akacheka, kwa adabu.

Binti alijua. Tangu utotoni alimwona baba akiongeza ndoo mbili kwenye kila mchanganyiko, zege lilainike, vibarua wasichubuke mikono. Siku za likizo yeye ndiye aliyekuwa akimtekea maji hayo.

"Fundi aliongeza."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa huruma. Huruma haina maksi.

"Uvivu, mwalimu. Na kutokujua."

"Usiniambie mimi. Mhandisi humwambia fundi usoni."

Binti akageuka. Tabasamu la baba lilikuwa bado pale, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Fundi," alisema, "ni uvivu na kutokujua. Nguzo zitabomolewa, na wewe utaondolewa kazini."

"Sawa, mhandisi," akajibu baba.

Bwana Nondo akaandika thelathini na nane juu ya arobaini. "Mbili nimekata. Sauti ilitetemeka."

Binti alipotoka, baba alikuwa amechuchumaa mlangoni akihangaika na kamba za viatu, wanafunzi wakimruka.

"Mama yako ataniuliza nimefukuzwa kwa nini," alisema bila kuinua uso. "Nimwambieje?"

Binti alitazama nyuma kuona nani anasikiliza.

"Mwambie nimefaulu," akasema, naye akamruka.