Filta ya Tatu ya Ombui

Mongina alimtazama mumewe akiinamia tangi la samaki wa baharini kama daktari mbele ya mgonjwa mahututi, akajizuia kucheka. Eneo zima la Roret, mbali na pwani, linalima chai, lakini Ombui alitaka bahari sebuleni. Naitreti, kemikali inayodhuru samaki ikizidi, ilikuwa nyingi mno majini na samaki wawili walishakufa. Sasa alikuwa akifunga filta ya tatu, kubwa kuliko jiko, iliyojaa sponji.

"Mama Moureen, hii ndiyo itamaliza naitreti."

"Sponji haimalizi naitreti, Baba Moureen. Inashika uchafu, uchafu unaoza, naitreti inaongezeka. Na kuosha huoshi."

"Wewe unajua nini? Maji yangu ni ya chemchemi, safi, si haya ya mfereji yaliyojaa dawa."

Safi! Mongina alichukua kichupa cha kupimia, akateremka hadi chemchemi iliyo chini ya shamba lao, akateka maji ambayo hayajaona chumvi wala samaki. Akarudi, akatia matone ya dawa ya kupimia mbele ya bwana mtaalamu, wakangoja. Maji yakageuka mekundu, dalili ya naitreti, sawasawa na yale ya tangi yalipopimwa.

Ombui akatoa macho. "Nani ameweka naitreti kwa chemchemi?"

Mongina akamwonyesha dirishani mteremko wa chai, kijani kibichi mpaka kwenye maji.

"Mvua ilipoanza, nani alimwaga magunia manne ya mbolea pale, akaniringia kwamba chai yetu itashinda ya jirani? Hongera, imeshinda. Samaki nao wamepata fungu lao."