Programu Yenye Adabu

Mume wangu ana adabu mpaka inachosha. Akikutana na mtu mlangoni atasema "tafadhali, tangulia," akija wa pili atampisha naye, akija wa tatu hivyo hivyo, mpaka wote wameshaingia na kukaa, yeye bado yuko nje ameshika kitasa. Ofisini wanamwita Bwana Tafadhali. Ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya leseni. Mimi nakaa dirisha la mapokezi, ambako kila karatasi inayoingia au kutoka lazima niipe namba kwenye mfumo. Barua isiyo na namba haijatoka, hata ikiwa na saini na mihuri mitatu.

Kila asubuhi mfumo ulikuwa unakwama. Nabonyeza, kaduara kanaanza kuzunguka kwenye skrini, na watu dirishani wananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayekazungusha. Wakalalamika. Mkuu wa ofisi akataka kujua tatizo ni mashine au ni mtu, akamwagiza mume wangu aipime seva, ile mashine kubwa inayobeba mfumo wote.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijua sasa haki yangu inakuja, tena kwa mkono wa mume wangu mwenyewe.

Akajifungia na ile skrini yake nyeusi isiyo na picha wala vitufe, ambayo kila kitu unakiagiza kwa kuandika amri. Amri moja inaiuliza mashine ina shughuli kiasi gani, nyingine inalichukua jibu na kulichambua, nyingine inazipanga tarakimu zikae kwenye safu zilizonyooka. Hizo safu ndizo zilizommaliza. Jumapili nzima alikuwa mezani anasogeza desimali, chai inapoa pembeni. Nikimwita aje kula, ananijibu, "Kidogo tu, mama watoto, safu ya tatu imepinda."

Ripoti ilipotoka, ilipendeza kwelikweli. Mkuu aliiinua kikaoni kila mtu aione. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mashine haikuwahi hata kutokwa jasho.

"Seva yetu inapumzika kuliko ninyi," mkuu akasema, watu wakacheka. "Kwa hiyo tatizo si mashine. Tatizo limekaa kwenye kiti, pale dirishani."

Kiti cha dirishani ni kimoja, na mwenyewe ni mimi. Akasema ikifika Ijumaa dirisha litapata mtu mwenye mikono myepesi. Kisha akaomba fundi apigiwe makofi, na mume wangu, kabla hajaelewa anachopigiwa, akainama kushukuru.

Nyumbani niliwaka.

"Umenifukuzisha kazi kwa jedwali!"

"Mama watoto, mimi nimeandika kile mashine ilichosema."

"Uliiuliza saa ngapi?"

Akashangaa swali lenyewe. "Saa yoyote. Kuna amri moja nzuri sana. Ukiipa kazi, haiianzi mpaka ione shughuli za mashine zimepungua. Sikutaka upimaji wangu uwasumbue watu wakiwa kazini."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauweka chini taratibu, kwa usalama wake.

"Yaani mashine ikielemewa, wewe unangoja kwanza ipumzike, halafu ndiyo unaiuliza kama imechoka?"

Akaenda kuchukua kompyuta yake. Nikasimama nyuma ya kiti chake na kuitazama ripoti yenyewe, safu zimenyooka hadi unaona raha.

"Na saa zenyewe ziko wapi hapa?"

"Niliikata hiyo safu," akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa inafanya mstari upitilize karatasi."

Akairudisha. Vipimo vyote vilikuwa vya wakati watu wamekwenda kula, au vya jioni mlinzi ameshafunga geti. Cha asubuhi hakikuwepo hata kimoja.

Sikumhurumia. Alikaa akaandika amri upya, hii isiyompisha mtu, na asubuhi zilizofuata ikaikuta mashine imeelemewa mpaka haina pa kupumulia. Jedwali lilitoka limepinda, mistari inapitiliza ukingo. Hilo ndilo lililonipa matumaini. "Ijumaa asubuhi na mapema naingia kwa mkuu," akaniahidi.

Ijumaa nilifungua dirisha roho juu. Pale ninapokaa naona hadi mlango wa mkuu na benchi lililo nje yake. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, ripoti mapajani. Nikamwonyesha kwa macho aingie. Akanionyesha kwa mkono kwamba mkuu ana mgeni. Mgeni akatoka, akaja mhasibu, na mume wangu akamwachia nafasi. Mhasibu akatoka, mkuu akawa kwenye simu. Mwisho katibu muhtasi akatoka humo ndani na bahasha, mikono imemjaa mafaili. Mume wangu akainuka, akamshikia mlango.

Bahasha ilikuwa yangu. Niliijua kwa jinsi katibu alivyokuwa anakwepa kunitazama.

"Naomba namba, dada," akasema.

Nilitaka kulia, na nilitaka kucheka. Barua ya kunifukuza ilikuwa inanihitaji mimi niisajili. Nikaandika jina langu, nikabonyeza. Kaduara kakaanza.

Tukakatazama wote wawili. Foleni nayo ikakatazama.

"Mbona inachukua muda?"

"Mashine haina neno, ripoti imesema. Labda ni mikono yangu."

Akapitisha mkono dirishani akabonyeza mwenyewe, mara mbili, kwa hasira. Kaduara hakakumjali. Tulikuwa bado tunangoja mkuu alipotoka kuifuata barua yake. Akasimama hapo dirishani, mikono mfukoni, hana mgeni, hana simu, hana la kufanya isipokuwa kungoja. Ndipo nilipomwona mume wangu anakuja nyuma yake, anakohoa kidogo.

"Tafadhali mkuu," akasema, "naona sasa una nafasi."

Mkuu aliisoma ripoti yote palepale, maana muda alikuwa nao. Alipomaliza alikaangalia kaduara, akaiangalia foleni, akaiokota bahasha juu ya kaunta na kuitia mfukoni. Hakuichana, wala hakuniomba radhi. Alisema tu, "Endelea na kazi." Nikamwambia nitaendelea mashine ikikubali.

Jioni mume wangu hakuniuliza kitu. Alinipisha mlangoni, akanipisha bafuni, akangoja nioge, nile, ninywe chai, nicheke na watoto. Nilipokwisha kunyoosha miguu kwenye kochi ndipo akaja kukaa karibu yangu.

"Mama watoto, bado una hasira na mimi?"

"Sina," nikasema, na ilikuwa kweli.

Akashusha pumzi, ameridhika kabisa na jibu alilopata.