Jina Kinywani mwa Mariam Poni

Kamisi wa Koboko aliweza kutoa yai sikioni mwa mtu mzima, aliweza kumeza kamba akaitoa ina mafundo, na aliweza kukikata kitambaa cha mwanamke vipande vipande kisha akakirudisha kizima. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomshinda kabisa, nalo ni kumvumilia mwanamume mwingine akipigiwa makofi. Akisikia makofi yasiyo yake, tumbo lilimsokota kama mtu aliyekula maharage mabichi, na hapo usimguse wala usimsemeshe.

Miaka ile watu wa West Nile, huko Uganda, walikuwa wamesharudi kutoka ukimbizini Zaire na Sudani. Soko la Arua lilikuwa limeanza kuchangamka tena, na mtu aliyejua kuwachekesha wenzake hakulala njaa. Kamisi aliyajua mazingaombwe kutoka kambini Sudani, alikofundishwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mpiga tarumbeta jeshini. Mkewe, Mariam Poni, alikaa pembeni na kujifunza yote pamoja naye. Na tuseme kweli hapa mwanzoni, hata kama mwenyewe angekasirika: bila Mariam Poni, Kamisi alikuwa mtoa mayai tu.

Siri ya kile kitambaa ilikuwa ni yeye. Siku ya soko mume na mke walipanda lori moja kutoka Koboko, ila Mariam Poni alishuka Ombaci na beseni lake la simsim, akaimalizia njia kwa miguu, ili watu wasiwaone wakiingia Arua pamoja. Alitandika gunia kati ya wanawake wengine akauza simsim yake kama mtu asiye na habari. Kamisi naye akafika baadaye, akapiga filimbi, watu wakajaa. Baada ya mayai na kamba aliomba kitambaa cha mama yeyote, na kabla mtu hajajibu alikuwa ameshamvua Mariam Poni kitambaa chake kichwani na kukitia mkasi.

Lo, kilio alichoangua mwanamke yule! "Kitambaa yangu! Ndugu yangu alileta toka Juba! Leo utanijua, mwizi wewe!" Alivua kandambili, akamkimbiza Kamisi kuzunguka mafungu ya nyanya, akamtukana ukoo wake wote mpaka watu wakashikana mabega kwa kicheko. Hatimaye Kamisi alipuliza ngumi, akaifungua, na kitambaa kizima kikatokea, kwa maana kilikuwa pacha wa kile cha kwanza. Watu wa Arua waliamini kwamba hawa wawili ni maadui wa kudumu. Kila soko walipiga kelele, "Chukua ya yule mama mkali!" Walimjia mama mkali kuliko walivyokijia kitambaa, na Kamisi hilo alilijua, ila alilifukia mahali asipopaona.

Koboko mchezo huo haukuwezekana. Huko kila mtu aliwajua kuwa ni mume na mke, na Mariam Poni alijulikana kwa adabu yake. Hajawahi kulitaja jina la mumewe tangu alipoolewa. Mke aliyelelewa vizuri hamtaji bwana yake kwa jina, anamwita kwa jina la mtoto, naye alimwita Baba Hamuza. Hamuza alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyezikwa kule kambini kabla hajaanza kutembea. Mtoto alikuwa hayupo, lakini jina lake lilitajwa nyumbani asubuhi na jioni, kwa kuitiwa uji, kwa kuulizwa jembe liko wapi. Kamisi alizoea kuliitikia bila kufikiri.

Basi akaja Théodore.

Alivuka kutoka Zaire na koti jeusi, redio ya kaseti iliyopiga rumba, na dada yake Régine, ambaye aliingia ndani ya sanduku akachomwa visu kutoka kila upande kisha akatoka akitabasamu. Alisimama upande wa pili wa soko, karibu na wauza samaki. Soko la kwanza watu wa Kamisi walipungua. Soko la pili Kamisi alimtolea mtu yai sikioni, na mtu mwenyewe alikuwa ameangalia kwingine. Alishikwa na kijiba cha roho kisichosemeka. Alisema yule Mkongo ni mchawi, akasema visu vyake ni vya bati, akasema koti lile ni la maiti. Alisema vingi, na makofi ya upande wa pili yakazidi.

Ila hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni simsim. Théodore alimaliza vituko vyake, akaja na koti lake mpaka kwenye gunia la Mariam Poni, akachuchumaa kwa heshima.

"Jambo sana, mama. Kilio yako inafika mpaka kwa sanduku yangu. Régine iko ndani anacheka, na visu inakaribia kumuchoma."

Mariam Poni alicheka. Alicheka kicheko cha kweli, si kile cha kazi, na akamwongezea simsim juu ya kipimo. Kamisi alikuwa karibu nao kabisa, akikunja kamba zake. Angesema nini? Aseme huyu ni mke wangu? Papo hapo soko zima lingejua kitambaa kinarudije. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa kamba yake mwenyewe, na hiyo haikuwa na ujanja wa kuifungua.

Mchezo huo ukaendelea soko baada ya soko. Théodore ananunua simsim, mama mkali anacheka, na Kamisi anasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi akakatazwa kulia. Wanaume wengine walimtania, "Kamisi, huyu Mkongo atakuolea adui yako!" Akalazimika kucheka nao. Meno yalionekana, lakini roho ilikuwa inaungua.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mariam Poni alipika huku akisimulia mambo ya soko, na hadithi zake zote zilikuwa na mtu mmoja. Teodori leo alivaa tai nyekundu. Teodori anasema Régine anataka kuolewa kwao, kule Ariwara. Teodori alimwonyesha namna ya kushika kisu. Kila alipolitaja jina lile, Kamisi aliacha kutafuna.

"Jina ya huyo mutu iko tamu sana kwa kinywa yako," alisema siku moja, amesukuma sahani.

"Tamu namna gani? Ni jina yake."

"Na yangu? Mimi nimekuoa, nimekula njaa na wewe Sudani, na siku moja hujasema jina yangu. Lakini Teodori, Teodori, toka asubuhi!"

Mariam Poni alimwangalia kwa mshangao. Akaweka mwiko chini.

"Baba Hamuza, huyo ni mutu wa kando. Jina ya mutu wa kando naweza tupa popote, hata kwa mbwa. Ya wewe nachunga. Wewe hujui hiyo?"

Alijua. Kila mtoto wa Koboko anajua. Lakini mwenye wivu anaambiwa kitu kinaingia sikio hili, na sikio la pili liko wazi. Usiku na mchana Kamisi alikuwa na hamu moja tu, alisikie jina lake likitoka kwenye kinywa kile, na Théodore awepo asikie.

Soko lililofuata lilikuwa kubwa, watu wametoka mpaka Aroi na mihogo yao. Kitambaa kilikatwa, mama mkali akalia, watu wakacheka. Théodore naye alikuwa amemaliza, akaja kununua simsim yake kama kawaida. Wanaume wakaanza kubishana kati ya hawa wawili nani fundi. Hapo Kamisi akapanda juu ya gunia la mihogo la mtu.

"Mimi sitaki kelele!" alisema. "Muulize huyu mama. Mimi nakata kitambaa yake kila soko, ananichukia, hawezi kunipendelea. Akisema jina ya huyu Mkongo, mimi naacha Arua leo, narudi Koboko kulima. Akisema jina yangu, yeye arudi kwao. Mama, sema jina! Nani fundi?"

Watu walishangilia. Mariam Poni aliinua uso akamtazama mumewe, na macho yake yalimwuliza waziwazi kama amerukwa na akili.

"Nyinyi wote fundi," alisema.

"Hapana. Jina moja."

"Basi, huyu." Akamwonyesha Kamisi kwa kidevu.

"Huyu nani? Mimi sina jina? Sema jina!"

Mariam Poni alifungua mdomo, akaufunga. Alifuta mikono kwenye gauni, akaifuta tena. Wanaume hawakuona kitu, lakini wanawake wa soko si wanaume. Asiku, muuza samaki, mwanamke aliyeolewa miaka mingi na mwenye macho ya kuona mbali, akamgusa jirani yake.

"Mbona hawezi kutaja? Anameza jina kama ni ya bwana yake vile."

Kicheko cha chini kikapita kati ya wanawake. Wengine wakaanza kumwangalia Mariam Poni toka kichwani mpaka miguuni, kisha Kamisi, kisha kile kitambaa. Ilibaki kidogo tu. Kamisi aliliona jambo lile likija, akaona lori, mkasi, kitambaa pacha, na mkate wao wote ukianguka chini. Hapo ndipo alipotakiwa kushuka kwenye gunia na kufanya mzaha.

Théodore ndiye aliyefanya. Aliinua mikono yote miwili.

"Muache mama! Mimi nakubali, huyu iko mukubwa yangu. Naenda. Hakuna maneno."

Laiti Kamisi angechukua ushindi ule akanyamaza! Lakini aliona nini? Aliona mwanamume mwingine anamkingia mke wake. Damu ikampanda, asione tena soko wala mkate.

"Wewe nyamaza! Nani amekuita? Mama atasema kwa kinywa yake. Sema!"

Mariam Poni akasimama. Alikiokota kitambaa chake kizima, akakifunga kichwani taratibu, bila kuharakisha, mpaka watu wote wakanyamaza. Kisha akamtazama Kamisi machoni, kama anavyotazamwa mchukuzi wa mizigo.

"Kamisi," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki. Watu wakalipuka kwa makofi. Asiku akatikisa kichwa na kumwambia mwenzake, "Basi si bwana yake," na wanawake wakarudi kwenye biashara zao, kwa maana hakuna mke anayemtaja mume namna ile. Siri ikapona. Kamisi alibebwa juu juu, jina lake likaimbwa, na kwa muda aliokuwa mabegani mwa watu alikuwa na furaha kama mtoto.

Alipowekwa chini, Théodore alikuwa anafunga sanduku lake. Kamisi akamwendea ili ajionyeshe vizuri. Théodore alisema polepole, mtu mwingine asisikie.

"Ndugu, mimi najua toka siku ya kwanza. Kilio ya namna ile mutu halii kwa mutu asiyemujua. Sikusema kwa mutu hata mumoja. Nilikuwa naona mama anafanya kazi muzuri, na hakuna mutu anamuambia." Akafunga kamba ya sanduku. "Kwetu pia bibi hataji jina ya bwana yake. Lazima ilimuuma sana."

Kamisi aligeuka akaenda zake. Lililomkera zaidi, hata wakati ule, ni kwamba Mkongo ameona maumivu ya Mariam Poni kabla yake.

Mariam Poni alipandia lori Ombaci kama kawaida. Kamisi alikuwa amemwekea nafasi kando yake. Alimwambia, "Kamisi, sogea," akakaa, akaweka beseni magotini. Kamisi alidhani bado ni mchezo, kwa sababu ndani ya lori kulikuwa na watu wa Arua. Alicheka peke yake.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mariam Poni aliwasha moto, akasonga ugali, akaweka sahani mbele ya mumewe kwa adabu ileile, akapiga magoti kama siku zote.

"Kamisi, chakula iko tayari."

"Sasa tuko nyumbani," alisema Kamisi. "Soko imekwisha. Niite kama zamani."

"Kama zamani namna gani?"

"Unajua."

"Wewe ulitaka jina yako. Mbele ya watu wote ulitaka. Hata huyo mutu wa kando alisema uniache, ukakataa. Nimekupa." Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Kamisi. "Ile jina ya mtoto nilikuwa nachunga kwa bwana yangu. Sasa nitachunga mwenyewe, ndani."

"Mariam, nimekosa. Nilikuwa na wivu."

"Najua. Kula, itapoa."

Alimwomba siku ile, akamwomba na siku zilizofuata. Alimnunulia gauni. Alimleta Margarita, dada wa mkewe, aje amsemeshe, na Margarita alirudi akimwambia, "Shemeji, mimi siwezi." Mariam Poni hakugombana naye, hakuacha kumpikia, na Arua aliendelea kwenda, akilia vizuri kuliko mwanzo. Théodore hakurudi tena. Makofi yote ya soko sasa yalikuwa ya mtu mmoja, na watoto walimkimbilia njiani wakiimba Kamisi, Kamisi. Akirudi nyumbani alikuta anaitwa vilevile, na jina la Hamuza halisikiki tena popote duniani.

Jirani yao alikuwa Loro, mfyatua matofali, mtu asiye na shati la pili, aliyekuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Jioni moja Kamisi alikuwa amekaa mlangoni anapaka kamba zake nta, akasikia mke wa Loro akiita kutoka jikoni, "Baba Elena! Njoo, maji imechemka." Loro hakugeuka hata. Aliguna tu, akaendelea kukanyaga udongo wake. Kamisi alimwangalia mtu yule, na tumbo likamsokota kwa wivu ambao hajawahi kuwa nao, hata kwa Théodore.